Ondoa la zamani, weka jipya: kisa cha tangazo la sasisho lililopoteza fomu West Nile

Naandika kisa hiki kwa ajili ya admini wenzangu, na kwa yeyote anayepokea habari ya toleo jipya la programu kisha akaipeleka kwenye kundi la wenzake. Mimi ni mmoja wa admini watatu wa kundi linaloelezwa hapa, na maamuzi kadhaa yaliyoongeza hasara yalikuwa yangu. Majina ya watu, ya shirika na ya programu yenyewe nimeyaondoa, na vituo vya kazi sivitaji. Wahusika wawili wakuu nimewaita kwa nafasi zao: Mwalimu, aliyetuma tangazo, na Dada Msimamizi, aliyeliona kosa kabla yetu sote. Wote wawili waliisoma rasimu hii kabla haijatoka.

## Usuli

Kundi ni la WhatsApp. Lina wahojaji wapatao 200 wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuanzia Arua na Koboko hadi Yumbe, Moyo na Nebbi. Kazi yao ni kwenda nyumba kwa nyumba, vijijini na katika makazi ya wakimbizi, wakiuliza kaya ina watu wangapi, maji yanachotwa wapi, mtoto wa mwisho alichanjwa lini. Majibu huingizwa kwenye fomu ndani ya simu. Penye mtandao fomu huenda kwenye seva papo hapo. Pasipo mtandao hukaa ndani ya simu mpaka mhojaji afike mahali pa kuzitumia, na kuna vijiji ambavyo mtu hukaa wiki nzima bila kupata hata mstari mmoja wa mtandao. Malipo ni kwa fomu iliyofika, kwa hiyo fomu iliyopotea ni siku ya kazi iliyopotea.

Lugha ya kundi ni Kiswahili kwa sababu hakuna nyingine inayotutosha sote. Kuna Walugbara, Waaringa, Wakakwa, Wamadi, Waaluri, na kuna waliosoma ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Katiba ya Uganda ilirekebishwa 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini nyaraka za kazi yetu hutoka Kampala kwa Kiingereza. Kuzitafsiri ni kazi ya kujitolea. Anayezipata kwanza na akawa na moyo wa kusaidia, ndiye anayetafsiri.

Jambo jingine la kulielewa ni bando. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya bei ya bando. Tangu hapo, na hata kabla, wahojaji wamezoea kuzima data mpaka wawe na haja nayo, na programu mpya haipakuliwi na kila mtu. Mmoja hupakua, wengine huchukua kwake kwa Bluetooth, kama tulivyokuwa tukienda kuomba moto kwa jirani. Ni ustaarabu mzuri, na mimi siupingi. Lakini una maana kwamba faili na maneno yanayolisindikiza hupita katika mikono mingi ambayo haikuwapo tangazo lilipotolewa.

Kanuni za kundi wakati ule zilikuwa tatu: hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara, hakuna picha za aibu. Juu ya masasisho hatukuwa na neno hata moja.

## Tangazo lenyewe

Fundi wa shirika alitengeneza toleo jipya la programu, akawaandikia wasimamizi waraka wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Ulisema mambo manne, kwa mpangilio huu. Kwanza, kila mhojaji atume fomu zake zote. Pili, afungue orodha ya fomu zinazosubiri na kuhakikisha iko tupu. Tatu, aondoe toleo la zamani na kuweka jipya. Nne, seva itafungwa kwa matengenezo Jumamosi kuanzia 02:00 UTC (saa ya kimataifa), kwa saa 12.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini programu iondolewe, wakati kwa kawaida toleo jipya hukaa juu ya la zamani bila kugusa kazi iliyomo. Safari hii haikuwezekana. Kila programu ya Android hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mtengenezaji, na simu hukataa sasisho ambalo sahihi yake hailingani na ile ya toleo lililomo. Fundi wa kwanza alikwisha kuacha kazi na ufunguo wake haukupatikana tena. Tangu Android 9, iliyotoka 2018, mtengenezaji anaweza kuhamia kwenye ufunguo mpya bila usumbufu, ila sharti awe nao ule wa zamani. Hakuwa nao. Njia iliyobaki ilikuwa kuondoa na kuweka upya, na programu ikiondolewa, Android kwa kawaida hufuta folda yake ya ndani pamoja na kila kilichomo. Fomu ambazo hazijatumwa zilikuwa humo. Ndiyo maana hatua ya kwanza na ya pili zilitangulia ya tatu.

Alhamisi, saa 1 na nusu usiku, ujumbe huu uliingia kwenye kundi, faili likiwa chini yake:

"Salamu wapendwa. Toleo jipya limetoka. Ondoa la zamani, weka hili hapa chini. Fanyeni leo leo. Seva itafungwa Jumamosi saa 2 usiku. Tafadhali sambazeni kwa wenzenu wote. Mungu awabariki."

Aliyetuma ni Mwalimu. Jina hilo hakujipa. Nusu ya kundi ilifundishwa naye namna ya kuuliza maswali bila kumtia mtu maneno mdomoni. Alikuwa na haraka, kwani basi la usiku la Kampala lilikuwa linamsubiri, na alifikiri kuwahi kuwapa watu habari ni kuwaokolea bando na muda. Alipopanda basi alizima simu ili chaji imfikishe.

## Usiku ule na asubuhi yake

Katika saa moja ya kwanza zilifuata shukrani. Asante Mwalimu, ubarikiwe Mwalimu, mikono iliyokunjwa, ua. Nilizihesabu baadaye: ujumbe 43, na hakuna hata mmoja uliouliza jambo. Mtu aliyefungua simu saa 3 usiku alikuta asante tupu, akapanda juu kutafuta asante hizo ni za nini, akalipata faili. Wapo waliotii palepale.

Saa 3 na robo Dada Msimamizi, ambaye waraka wa Kiingereza alikuwa nao, aliona hatua mbili za kwanza hazimo. Alimwandikia Mwalimu inboksi: "Habari za usiku, Mwalimu. Samahani sana, naona kama ile sehemu ya kutuma fomu kwanza imeruka." Tiki moja. Akangoja. Akaandika tena saa 4. Tiki moja. Kisha akafanya jambo la maana sana: akawapigia simu wahojaji wake wanane, mmoja mmoja, akawaambia wasiguse kitu. Wote wanane hawakupoteza chochote. Lakini kwenye kundi hakuandika. Nilipomuuliza baadaye alinijibu: "Yule ndiye aliyenishika mkono nikiwa sijui hata kuwasha simu ya kazi. Ningemwambia amekosea mbele ya watu mia mbili, tena akiwa hayupo?"

Saa 12 na nusu asubuhi, Ijumaa, mhojaji mmoja aliandika: "Fomu zangu za jana hazionekani. Kuna mwenye tatizo hili?" Alijibiwa azime simu na kuiwasha. Akajibiwa aondoe programu tena na kuiweka upya. Wote waliomshauri walitaka kumsaidia, na hakuna aliyejua kwamba fomu zilikwisha kwenda.

## Maamuzi yetu na sababu zake

Niliamka saa 1 nikakuta ujumbe zaidi ya 60. Nikawapigia admini wenzangu wawili, tukazungumza kwa dakika kumi hivi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulifunga kundi ili admini pekee waandike. Tuliona ushauri mbaya unakimbia kuliko ukweli, tukataka kuuzuia. Sababu ilikuwa ya haki.

Wa pili ulikuwa kulifuta tangazo la Mwalimu. Hapa tulitofautiana. Mwenzangu mmoja alitaka lifutwe mara moja kwa sababu faili lilikuwa bado linachukuliwa. Mimi nilitaka liachwe na marekebisho yafungwe juu yake, ili anayelikuta ayakute yote mawili. Nilishindwa, na nilikubali. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote kwa wote, nasi tukafanya hivyo.

Wa tatu ndio unaoniuma. Tulikubaliana tusitoe marekebisho mpaka Mwalimu awashe simu, ili yatoke kwake na asionekane amevuliwa nguo hadharani. Tulingoja kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Katika muda huo kundi lilikuwa limefungwa, tangazo limefutwa, na sisi kimya.

Saa 3 Mwalimu alinipigia mwenyewe. Alikuwa amesoma ujumbe wa Dada Msimamizi na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilianza kumwambia kwamba tutaandika sisi kwa jina la admini. Akanikatiza: "Hapana. Nipe nafasi niseme mwenyewe." Tulimfungulia. Alituma sauti ya dakika moja na kitu, kwa Kiswahili kisha kwa Kilugbara. Alianza hivi: "Mimi ndiye niliyetuma ujumbe wa jana. Niliruka hatua ya kwanza. Kama hujaondoa programu ya zamani, usiiondoe. Kama umekwisha kuiondoa na fomu hazionekani, kosa si lako, niandikie." Chini yake sisi admini tukaweka marekebisho ya maandishi, ambayo sentensi yake ya mwisho ilisema: "Tuma fomu zako zote kabla ya Jumamosi saa 2 usiku."

Hiyo saa tuliinakili kutoka kwenye tangazo la kwanza. Hatukurudi kwenye waraka.

## Jumamosi

Siku hiyo ni ya soko katika vituo vingi, na wahojaji waliokuwa ndani vijijini hushuka sokoni kupata mtandao na kuchaji simu. Kadhaa wao walikuwa wametii marekebisho yetu neno kwa neno: hawakuondoa kitu, wakangoja wafike penye mtandao watume kwanza. Walipofika saa 4 asubuhi na kubonyeza, fomu zilikataa kwenda.

Seva ilikuwa imefungwa tangu alfajiri. Saa 02:00 UTC ni 05:00 kwa hesabu ya Kizungu hapa kwetu, yaani saa 11 alfajiri kwa hesabu yetu, maana Uganda iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Mwalimu aliona "02", akaandika "saa 2 usiku". Kosa lilikuwa la saa 15. Seva ilirudi saa 11 jioni, saa tatu nzima kabla ya wakati ambao kundi zima liliamini ndipo itafungwa.

Waliokuwa sokoni hawakujua. Walichojua ni kwamba kuna toleo jipya na kwamba la zamani linagoma. Sita kati yao walihitimisha kwamba la zamani limekufa, wakaliondoa.

## Matokeo

Waliopoteza fomu walikuwa 19: Alhamisi usiku na Ijumaa 13, Jumamosi 6. Fomu zilizopotea zilikuwa 214. Hakuna iliyorudishwa kutoka kwenye simu zenyewe. Mhojaji mmoja aliokoa zake kwa sababu alikuwa na desturi ya kuandika majibu kwenye daftari kabla ya kuyaingiza, na wenzake walikuwa wakimwambia anajichosha bure.

Baada ya mazungumzo marefu shirika lilikubali kulipa nauli ya kurudi, na nusu ya malipo ya fomu. Kaya nyingi zilihojiwa tena. Tisa hazikupatikana: wengine wamehama, wengine wamevuka mpaka kwenda kwa ndugu. Mama mmoja alimuuliza mhojaji wetu, kwa upole kabisa, "Yale niliyokwambia mara ya kwanza mliyapeleka wapi?" Mhojaji hakuwa na jibu lililomtosheleza mama yule. Alikuwa amemsimulia habari ya mtoto aliyemzika.

Wiki tatu baadaye tangazo lile la kwanza lilirudi. Lilikuwa limezunguka makundi ya wilaya nyingine, halina tarehe, halina jina, na kijana mmoja mgeni alilitii. Toleo jipya alikuwa nalo tayari. Aliliondoa, akaliweka lilelile tena. Fomu 4.

## Uchambuzi

### Palipotangazwa ndipo pa kusahihishia

Nimelifikiria hili kuliko mengine yote. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Unamvuta kando, unashusha sauti, unaanza na samahani. Ni malezi ninayoyaheshimu na sitaki kundi letu liyapoteze. Lakini yalitengenezwa kwa makosa yanayokaa palepale yalipotendwa. Mzee akikosea jina la mgeni katika hotuba, unaweza kumnong'oneza baada ya kikao na hakuna aliyeumia. Tangazo la sasisho halikai. Kila dakika ambayo Dada Msimamizi alikuwa akiitazama ile tiki moja, kulikuwa na mtu anayebonyeza "ondoa".

Na inboksi haikumlinda Mwalimu. Kama mtu angeandika saa 3 na robo usiku, chini ya tangazo lake, "Mwalimu, tunashukuru. Naomba niongeze kutoka kwenye waraka: tuma fomu zote kwanza, ndipo uondoe", kosa lingekuwa dogo, lingezibwa, na Mwalimu angeamka akashukuru. Kuna namna ya kuongeza bila kushusha mtu. "Naomba niongeze" inatosha. Hatukuwa tumewafundisha watu kwamba wanayo ruhusa hiyo, na hilo ni kosa la admini, wala si la msichana aliyekuwa na adabu.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza hadharani kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu xz, inayotumika katika mifumo ya kompyuta ya Linux, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Alitaja matoleo yaliyoathirika. Alieleza alivyofika hapo. Na alikiri wazi kwamba yeye si mtafiti wa usalama na kwamba kuna mengi hajayachunguza. Ulimwengu mzima wa Linux ulifanya kazi juu ya maneno yale kwa sababu aliyeyaandika alionyesha mpaka wa anachokijua. Sauti ya Mwalimu ya Ijumaa asubuhi ilikuwa na uzito wa aina hiyo kwetu. Aliposema "mimi ndiye niliyetuma", watu waliokuwa wakiona haya kukiri kwamba wamepoteza fomu walianza kuandika mmoja baada ya mwingine, na ndipo tukajua ukubwa wa jambo. Katika yote tuliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo lililofanya kazi vizuri zaidi, na halikuwa wazo letu.

### Kusahihisha kosa moja na kubeba la pili

Marekebisho yetu yaliandikwa kwa kutazama tangazo lililokosewa, tukabadilisha tulichokijua kuwa kibaya na kuacha kilichobaki. Wale sita wa Jumamosi walitusikiliza sisi. Hawakumfuata Mwalimu, walimfuata admini, na tukawapeleka kwenye shimo la pili. Sasa hatugusi tangazo lililoharibika. Tunafungua waraka wa asili na kuandika upya tangu neno la kwanza.

Saa ina mtego wake katika Kiswahili, na nadhani wenzetu wa lugha nyingine hawaujui. Waraka wa fundi huandika saa kwa tarakimu zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, mara nyingi kwa UTC. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza, na Waganda, kwa Kiganda, vilevile. Kwa hiyo lazima saa igeuzwe mara mbili: kuongeza saa tatu kuifikisha Uganda, kisha kuitoa kwenye hesabu ya kizungu kuileta kwenye yetu. Anayefanya hatua moja tu amekosea, na maandishi yake yatasomeka sawasawa kabisa. Ndiyo sababu siku hizi tunaandika sehemu ya siku pamoja na saa, na mtu wa pili huigeuza upya bila kuona jibu la kwanza.

### Kufunga na kufuta

Kulifunga kundi kwa saa mbili na kitu kulizuia ushauri mbaya hadharani na kuusukuma faraghani, tusikoweza kuuona. Ningefanya tena? Labda kwa dakika kumi, muda wa kuandika sentensi moja: "Usiondoe programu. Tunakuja na maelezo." Hiyo sentensi tungeweza kuitoa saa 1 asubuhi bila kumngoja mtu, na bila kumtaja mtu.

Kufuta kulikuwa kibaya zaidi. Nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine hazifutiki pamoja na ya asili. Tulichofuta ni mahali pekee ambapo onyo lingeweza kukutana na tangazo. Baadhi ya watu walipoona ujumbe umefutwa na admini walidhani sasisho limeahirishwa, na wengine wakaenda kuitafuta nakala kwa jirani, isiyo na onyo lolote.

### Faili lilitoka wapi?

Bahati yetu ni kwamba lile faili lilikuwa la kweli. Hakuna hata mmoja kati ya watu 43 waliomshukuru Mwalimu aliyeuliza. Mwaka 2016 ilizunguka habari ya WhatsApp Gold, toleo bandia la WhatsApp, na Aprili 2021 ikaja WhatsApp ya waridi, iliyojifanya sasisho lenye rangi mpya huku ikiwa programu hasidi inayojisambaza yenyewe kwa viungo. Zote mbili zilitembea hivi hivi, kwa kupitia mtu unayemwamini. Na simu za wahojaji wetu zina majina ya watu, nyumba zao, na magonjwa yao.

Kuna ishara moja ninayowaomba wote waishike. Simu ikikataa kuweka sasisho juu ya programu iliyopo, huenda inakwambia kwamba sahihi hazilingani. Mara nyingi fundi wa mtaani atasema "ondoa kwanza hiyo ya zamani, itakubali". Itakubali kweli. Lakini ulinzi uliokuwa unakuzuia usipokee programu ya mtu mwingine umeuondoa kwa mkono wako, pamoja na kazi yako. Tangazo linalomtaka mtu aondoe kwanza lazima lieleze kwa nini, na liseme nani wa kupigiwa simu.

### Neno "sambazeni"

Mwalimu aliliandika kwa nia njema na ndilo lililompora ujumbe wake. Lilipotoka mikononi mwake hakuweza tena kulirekebisha. Hatuliandiki tena. Anayetaka kumsaidia mwenzake amwelekeze kwenye ujumbe wa asili au amweleze kwa mdomo.

## Tunavyotangaza sasa

Anayetangaza huanza na nani anahusika, kisha jambo ambalo halipaswi kufanywa, ndipo hatua kwa mpangilio, saa iliyogeuzwa na watu wawili, jina la toleo, tarehe, na mahali waraka wa asili ulipo. Anabaki hewani saa mbili baada ya kutuma. Kama anasafiri, hatangazi, hata kama habari ni ya moto. Ujumbe unabandikwa juu ya kundi kwa siku saba, na shukrani hutolewa kwa kugusa alama kwenye ujumbe wenyewe, bila kuandika. Hilo la mwisho lilileta manung'uniko, maana kuna wanaoona kutokuandika asante ni ukosefu wa adabu. Mwalimu ndiye aliyewatuliza. Dada Msimamizi sasa ni admini wa nne.

Kilichobaki hakijatatuka ni watu waliozima data. Kwao tunatuma ujumbe mfupi wa kawaida, wenye nafasi ya herufi 160 tu, na kila tukiupunguza tunajikuta tunafanya kilekile alichofanya Mwalimu: kuchagua cha kuacha. Huu ndio tunaoutumia kwa sasa:

"SASISHO Alhamisi 14. Tuma fomu zote KWANZA. Zikigoma kwenda, subiri. USIONDOE programu ya zamani hadi msimamizi wako akupigie. Usisambaze."

Zimebaki nafasi 22, na saa ya kufungwa na kufunguliwa kwa seva bado haijaingia.